Aliyekwenda Kusoma Pwani: Ebeneza Gideoni Fute, 1954–1996

Wasifu uliosomwa kwa niaba ya familia, Ihalulo, Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1996

Alhamisi, tarehe 8 Agosti 1996, saa moja na robo asubuhi, Ndugu Ebeneza Gideoni Fute alifariki dunia hospitalini, mkewe akiwa kando yake. Kufikia saa nne taarifa ilikuwa imefika hapa Ihalulo, na kaka yake mkubwa, Ndugu Nikodemo, alikwenda usharikani kuomba kengele igongwe, kama inavyogongwa kwa kila Mkristo wa hapa siku anapofariki. Aliambiwa asubiri. Alisubiri nje ya ofisi hadi saa tisa alasiri, kisha akarudi nyumbani. Kengele haikugongwa siku hiyo, haikugongwa jana, na waliokusanyika hapa leo wanajua kwamba haijagongwa. Familia imeona ni haki kueleza maisha ya marehemu, pamoja na sababu ya ukimya huo, bila kupunguza na bila kuongeza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1954 katika kijiji cha Kichiwa. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Gideoni Fute, aliyetangulia kwa Bwana mwaka 1988, na Mama Rebeka, ambaye tunaye hapa. Alibatizwa tarehe 4 Julai mwaka huohuo na kupata kipaimara mwaka 1969. Mama Rebeka anakumbuka kwamba Ebeneza aliogopa maji. Mto wowote uliozidi magoti aliuvuka mgongoni kwa Nikodemo, na wenzake walipomcheka alijibu kwamba yeye haogopi, anayachunguza kwanza.

Alisoma shule ya msingi Kichiwa, sekondari Njombe mjini, na kidato cha tano na cha sita Iringa. Baada ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1975, alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya kwanza ya sayansi mwaka 1979. Mwaka huo aliajiriwa kuwa ofisa wa uvuvi wilayani Njombe. Kwa kuwa wilaya yetu haina bahari, watu walimwita Bwana Samaki kwa mzaha, na jina likamganda. Alisimamia mabwawa ya perege, na alikagua samaki wakavu walioshushwa sokoni Makambako. Sokoni hapo, mwaka 1982, alikataa kupitisha shehena ya dagaa waliooza ya Bwana Issa Abdulaziz, msafirishaji mzaliwa wa Tanga anayeishi Makambako. Bwana Issa alimwambia, “Wewe mtu wa viazi, dagaa umeanza kuwajua lini?” Marehemu alifungua gunia, akampa kiganja kimoja, akasema, “Onja wewe wa Tanga.” Bwana Issa hakuonja. Waliteketeza magunia yote pamoja na wakawa marafiki tangu siku ile.

Tarehe 20 Desemba 1980 marehemu alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Noela, binti wa hapa Ihalulo, na hapa ndipo walipojenga. Mungu aliwajalia watoto wawili: Ema, aliyezaliwa mwaka 1982, na Gideoni, aliyezaliwa mwaka 1987.

Mwaka 1991 marehemu alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya sera na usimamizi wa pwani na bahari nchini Kanada. Kwa kuwa alikuwa mwimbaji wa kwaya na mjumbe wa kamati ya ujenzi, alimweleza katibu wa usharika ili aombewe safari. Jumapili iliyofuata tangazo lilisomwa kwa ufupi huu: “Ndugu yetu Ebeneza Fute anakwenda kusoma pwani kwa miaka miwili. Tumkumbuke katika sala.”

Ieleweke kwamba kwa wazee wetu neno kusoma lina maana mbili. Wazazi wao walipoingia darasa la ubatizo walisema, “Tumesoma.” Vilevile, vijana wa huku waliokwenda kukata mkonge Tanga, wakarudi wakiwa na jina jipya na kanzu, walisemwa kuwa wamesoma pwani. Hivyo tangazo lile lilisikika kwa namna moja kwa vijana na kwa namna nyingine kwa wazee.

Nje ya kanisa, Mzee Methusela Mlowe, mwenyekiti wa baraza la wazee, alimsimamisha.

“Kamwene, Bwana Samaki. Kusoma si ulimaliza huku huku? Mimi mwenyewe nilikuwepo ukipata kipaimara.”

“Haya ni masomo mengine, mzee. Ni kuhusu bahari. Nani aruhusiwe kuvua, nani akate mikoko, na watu wakubalianeje juu ya maji ambayo hayana uzio.”

“Na maji hayo yako Njombe?”

“Yanatoka Njombe, mzee. Ruhuji inaingia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, Rufiji inaingia baharini. Udongo wa kinyungu chako cha bondeni umefika huko kabla yangu.”

Watu walicheka, na Mzee Methusela akacheka nao. Kwa upande wa marehemu jambo liliishia pale.

Kanada alikaa mwaka mzima na miezi mitatu. Alijifunza sheria za bahari, hesabu za idadi ya samaki, na namna ya kupanga matumizi ya ufukwe unaogombewa na bandari, hoteli na wavuvi kwa wakati mmoja. Alieleza baadaye kwamba darasani kwao kulikuwa na watu kutoka visiwa vingi, na kila mmoja alipotaja pwani yake, yeye alitaja umande unaoganda Julai kwenye majani ya viazi. Mwalimu wake aliona ni mzaha. Marehemu alichora mto kuanzia Njombe hadi deltani, akasema pwani yake ina urefu huo. Utafiti wake ulitokana na mchoro ule. Alitaka kujua ni nani mwenye kauli juu ya mikoko ya delta ya Rufiji: mvuvi anayeitegemea, serikali iliyoihifadhi, mfanyabiashara wa kamba wa baharini aliyeingia baada ya biashara kufunguliwa, au mkulima wa milimani ambaye hajawahi kuiona lakini udongo wake unaizika.

Kuanzia Februari hadi Aprili 1993 aliishi katika kijiji kimoja cha delta. Bwana Issa alimfikisha Kibiti kwa lori lake. Siku ya kwanza alizama kwenye matope ya mikoko hadi kiunoni, akiwa na viatu vya ngozi. Aliyemvuta alikuwa Bi Maua, mama mtu mzima anayevua uduvi kwa kitambaa, ambaye alimwambia, “Vua hivyo vya ofisini, mwanangu. Matope hayapigi saluti.” Tangu hapo alitembea peku. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mchana hapakuwa na nyumba iliyopika. Marehemu alikaa na njaa kama wenyeji wake na kula nao jua lilipotua. Walipoagana walimpa kofia iliyofumwa kwa mkono na kikoi. Alirejea Kanada kuandika, akahitimu, na tarehe 2 Septemba 1993 akashuka Makambako kutoka lori la Bwana Issa, amevaa kofia ile. Utingo alimuaga kwa salamu ya dini yake na marehemu aliitikia kama alivyozoea kuitikia deltani. Mzee Methusela alikuwa ng'ambo ya barabara, akiuza maharage.

Baraza la wazee lilimwita tarehe 19 Septemba. Maneno yaliyosemwa yanajulikana, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na Ndugu Nikodemo alikaa kizingitini.

“Ulikwenda kusoma?”

“Nilikwenda, wazee wangu.”

“Pwani?”

“Mambo ya pwani, ndiyo.”

“Tumesikia ulifunga.”

“Nilikula nao jioni. Mchana hapakuwa na chakula.”

“Ukamaliza masomo hayo, au uliyaacha njiani?”

“Nilimaliza. Nimehitimu.”

Wazee walitazamana. Mmoja wao alimwuliza kwa sauti ya huruma, “Na sasa tukuite nani?”

Marehemu alidhani wanaulizia cheo. Alisema wamwite Bwana Samaki kama zamani, lakini kwa shahada hii wanaweza kuongeza Bwana Bahari. Ndipo Mzee Methusela alipouliza waziwazi jina lake jipya la Kiislamu ni lipi. Marehemu alipoelewa, alicheka. Alicheka sana, hadi akashika meza. Familia haifichi jambo hilo, kwa sababu ndilo lililomtenga. Wazee hawa, ambao wengine walilelewa na baba waliofukuzwa kwao kwa sababu ya kusoma, waliona imani yao imechekwa mbele yao. Jumapili hiyohiyo jina lake lilitangazwa miongoni mwa waliotengwa.

Ndani ya mwezi mmoja kosa lilijulikana. Mwalimu Noela alipeleka cheti barazani, na mwalimu mkuu akakitafsiri. Mzee Methusela alikuja nyumbani mwenyewe, akakaribishwa chai.

“Yaishe, mwanangu. Jumapili usimame, useme umerudi kundini. Neno moja tu.”

“Nimerudi kutoka Kanada, mzee. Kundini sikutoka.”

“Sote tunajua sasa. Lakini lilitangazwa. Likitangazwa halifutwi kwa chai, linafutwa kwa utaratibu.”

“Basi mtangaze kwamba mlikosea kusikia.”

“Baraza liseme limekosea, kwa sababu ya kicheko chako?”

“Kicheko nitakiomba radhi. Hata sasa hivi, hapa, nakiomba radhi. Kurudi siwezi kusema.”

Mzee Methusela aliinuka bila kumaliza chai. Kuanzia siku hiyo pande zote mbili zilisubiri upande wa pili useme.

Marehemu alikuwa amepunguzwa kazi serikalini akiwa masomoni, kama walivyopunguzwa wengi miaka hiyo. Miaka mitatu iliyofuata aliigawa. Kwa miezi kadhaa kila mwaka alifanya kazi katika vijiji vya pwani ya kusini, akiwasaidia wavuvi kuandika kanuni zao wenyewe za kufunga na kufungua maeneo ya kuvulia. Muda uliobaki alipita kwenye vinyungu, yaani mashamba ya bondeni, kandokando ya Ruhuji akiwaomba wakulima waache ukanda wa matete ukingoni mwa mto. Waliokubali tunawafahamu. Wengine walimwambia kwamba mtu aliyetengwa na kanisa asiwatenge na maji. Alikuwa akirudi na maneno hayo nyumbani, akiyasimulia kama kichekesho, na Mwalimu Noela hakuwa akicheka.

Mwaka 1995 Ema alitimiza umri wa kuanza mafundisho ya kipaimara. Usharika ulijibu kwamba atapokelewa baba yake akisharejea. Kuanzia hapo nyumba haikuwa na amani, na familia inalisema hili kwa idhini ya mjane. Alimwambia mumewe mezani, watoto wakisikia, “Baba Ema, wewe unalinda jina lako. Mtoto nani anamlinda?” Marehemu alimwuliza Ema anataka nini. Ema alisema anataka kupata kipaimara na wenzake. Marehemu akasema, “Nikisema nimerudi, utasimama mbele ya madhabahu ukiwa binti wa mtu aliyeiacha imani yake. Nikikataa, hutasimama. Sijui lipi ni baya zaidi, mwanangu.”

Machi 1996 alianza kuumwa tumbo. Juni iligundulika kuwa ni saratani, na haikuwa ya kupona. Mchungaji wa usharika, ambaye alihamia hapa baada ya mambo haya kutokea, alimtembelea hospitalini mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 4 Agosti. Aliinama akamwambia, “Kaka Ebeneza, hata kwa kutikisa kichwa. Mimi nitatosheka, na baraza nitaliambia.” Marehemu alimshukuru kwa kuja. Alimwomba amsomee Zaburi, mchungaji akamsomea, na marehemu aliitikia “Amina” kwa sauti iliyosikika hadi kitanda cha pili. Kichwa hakukitikisa. Siku nne baadaye Mungu alimtwaa.

Jana, Ijumaa, saa sita mchana, lori la Bwana Issa liliingia Ihalulo likiwa na watu kumi na wawili kutoka Makambako. Ilikuwa imesemwa tangu asubuhi kwamba Waislamu wanakuja kumchukua mtu wao, na baadhi ya vijana walikuwa wamesimama barabarani. Mzee Methusela, pamoja na mchungaji, alikuwa uani.

“Bwana Issa,” alisema, “kama ni wenu, mchukueni kwa heshima. Hatutagombania maiti.”

Waliokuwepo wanajua kwamba jibu moja lingemaliza kila kitu. Marehemu angeswaliwa na kuzikwa jana hiyohiyo na watu waliompenda, na baraza la wazee lingeonekana kuwa lilisikia sawasawa tangu mwanzo. Bwana Issa alivua viatu, akakaa kwenye mkeka.

“Mzee wangu, angekuwa wetu ningekuja jana. Kwetu maiti halazwi usiku bila kuzikwa. Mimi huyu bwana nimemwita kwenye dini yangu miaka kumi na minne. Kila nikimwita ananiambia, ‘Issa, wewe unajua bei ya nguruwe wa kitimoto Makambako?’” Watu walicheka, hata wale wa barabarani. Bwana Issa hakucheka. “Ningefurahi awe wetu. Hakuwa. Siwezi kumsemea uongo mtu ambaye hawezi kunijibu.”

Mchungaji alimgeukia mjane, ambaye alikuwa amekaa na Bi Rukaya, mke wa Bwana Issa.

“Basi ni wetu. Mama Ema, baada ya mimi kuondoka hospitalini, alisema lolote?”

“Lolote la namna gani?”

“Kwamba amerudi.”

Ndugu Nikodemo alimtazama shemeji yake kwa namna ya kumsihi. Hapakuwa na shahidi mwingine wa siku zile nne, na hakuna ambaye angemlaumu.

“Aliomba maji,” Mwalimu Noela alisema. “Aliuliza kama Gideoni amepata viatu vya shule. Aliuliza mvua zimefika deltani au bado, nikamwambia sijui. Neno hilo hakulisema.”

“Hata kwa kichwa?”

“Hata kwa kichwa, mchungaji.”

Kwa hiyo leo sala inaongozwa na Ndugu Nikodemo, na jeneza limebebwa na wanakwaya waliokuja kwa hiari yao, bila majoho. Mzee Methusela tunamwona amesimama pale nje ya ua. Familia inamshukuru kwa kufika. Familia inamshukuru mchungaji, ambaye amekuja kama jirani. Familia inawashukuru ndugu wa Makambako, waliopika tangu jana, pamoja na wavuvi wawili waliosafiri kutoka Rufiji, ambao wanaona baridi yetu kwa mara ya kwanza na hawajalalamika.

Marehemu ameishi miaka arobaini na miwili. Ameacha mama yake mzazi, Mama Rebeka. Mjane, Mwalimu Noela. Watoto wawili, Ema na Gideoni. Kaka yake, Ndugu Nikodemo. Wadogo zake watatu. Na rafiki yake, Bwana Issa Abdulaziz, ambaye familia imeomba atajwe katika mstari huu. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa aliye wake. Alale kwa amani, mahali ambapo hahitaji kueleza alikokuwa.

Nyongeza iliyochapwa katika ratiba ya kusimika msalaba kaburini

Jumapili, tarehe 10 Agosti 1997, mwaka mmoja kamili baada ya mazishi, baraza la wazee kwa namna ya pekee liliweka jina la marehemu katika orodha ya wanaorudishwa kundini. Ilielezwa kwamba, kwa kuwa hayupo, mtoto wake wa kwanza angesimama kwa niaba yake, na kwamba akisimama angeandikishwa siku hiyohiyo katika darasa la kipaimara. Majina yalisomwa baada ya wimbo wa pili. La marehemu lilikuwa la tatu. Mchungaji alisubiri, Mzee Methusela aligeuka kwenye benchi lake akaita kwa upole, “Simama, mwanangu,” na mchungaji akalisoma jina mara ya pili. Ema alibaki ameketi.